Hela ya Watoto Haisubiri Giza

Binti akitangaza kwamba anaolewa na mwanaume mwenye watoto kwa mwanamke mwingine, maswali yanayomwangukia yanajulikana. Watoto watakaa kwa nani? Mama yao ni mtu wa namna gani? Bado anampigia simu usiku? Mimi niliulizwa yote hayo mwaka 2017, na mashangazi zangu wa Magu na walimu wenzangu wa sekondari hapa Ilemela. Hakuna aliyeniuliza hela ya watoto itatoka mfuko gani siku ambazo ziwa halitoi kitu. Nami sasa, binti yeyote akija kuniomba ushauri wa ndoa ya aina hii, ndipo ninapoanzia.

Mume wangu ni mtu wa dagaa. Ana mitumbwi na nyavu kwenye mwalo mmoja wa Ukerewe, na mzigo ukikauka huuleta Mwanza kuuuza Mwaloni Kirumba, ambako wanunuzi hutoka hadi Kongo. Kwa msomaji asiyeishi kando ya ziwa niseme kidogo kazi hii inavyokwenda, maana bila hivyo habari yangu haieleweki. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za sola na betri. Taa zinaelea juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazingira. Mwezi unapokaribia kujaa, ziwa zima linang'aa, taa inakosa kazi na dagaa wanatawanyika. Hapo wavuvi wanapandisha mitumbwi, wanashona nyavu, wenye kwao wanakwenda kusalimia, mpaka mwezi uanze tena kuchelewa kuchomoza. Siku za kazi ndizo giza. Mwaloni mtu hakuambii atakulipa mwisho wa mwezi. Anakuambia atakulipa giza lijalo, na wote mnaelewana.

Hata ndani ya giza, hela si zote za mwenye mtumbwi. Kwanza yanatolewa mafuta na chakula cha kambini, halafu kinachobaki mume wangu anagawana na wavuvi wake nusu kwa nusu. Mvua ikiwakuta dagaa wangali mchangani, wanaharibika, na mzigo uliokuwa wa kuliwa na watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Nimemwona mwezi Aprili amesimama mlangoni, anatazama mawingu ya upande wa ziwa kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Juu ya maisha hayo ikawekwa tarehe 5.

Yeye na mama wa watoto wake wa kwanza waliishi Sengerema miaka saba hivi, bila ndoa ya kanisani wala ya bomani. Walipoachana, mwaka 2015, binti alikuwa na miaka saba na mdogo wake mitatu. Yule dada hakupiga kelele mtaani. Alikwenda ofisi ya Ustawi wa Jamii, mume wangu akaitwa, wakaketi na afisa, wakaandikishana: shilingi 150,000 kila mwezi, ifike kabla ya tarehe 5 kupita, sare na mahitaji ya shule nusu kwa nusu, ugonjwa mkubwa nusu kwa nusu. Nakala ya karatasi ile nilionyeshwa kabla ya mahari kupelekwa kwetu. Nilimheshimu mume wangu kwa hilo, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Ila karatasi ilihesabu mwezi wa kalenda, na kazi yake inahesabu mwezi wa angani, wenye siku 29 na nusu hivi. Tarehe 5 inahamahama ndani ya giza. Kuna miezi inaangukia katikati ya mavuno, hela iko mkononi, inatumwa hata kabla hajaulizwa. Kuna miezi inaangukia mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi iko juu mchangani, na kilichopatikana giza lililopita kimeshaingia kwenye nyavu mpya. Ndani ya miaka mitatu unazipata zote mbili, na huwezi kuzikwepa.

Mimi nilikuwa na mshahara, na mshahara wa mwalimu hauangalii mwezi. Unaingia benki ukiwa umeshapunguzwa: kodi, asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwenda Bodi ya Mikopo iliyonisomesha chuo kikuu, asilimia 5 ya pensheni, 3 ya bima ya afya, 2 ya chama cha walimu. Kinachobaki si kingi, lakini kinafika. Miezi ya kwanza ya ndoa nilidhani hela ya Sengerema hainihusu hata kidogo, kwa sababu mume wangu hakuwahi kuniomba niichangie. Ni mtu wa heshima, asingeweza. Ikifika tarehe 4 na mfukoni ana laki na nusu tu, aliituma yote. Kesho yake unga umekwisha. Mtungi wa gesi umekwisha. Umeme unalia kuomba LUKU. Nani ananunua? Mwenye mshahara.

Kwenye simu yangu hakuna muamala hata mmoja niliotuma Sengerema miaka ile. Lakini nililipa, kwa unga na gesi na LUKU. Jambo hili hutokea kimyakimya katika nyumba nyingi, na wanawake wengi wanalihisi bila kuweza kulieleza. Mke anasikia mshahara wake unayeyuka, anatafuta ulikokwenda, haoni, anaanza kumshuku mume kwamba ana mwanamke mwingine. Hana. Ana watoto wawili, na watoto wanakula.

Nilianza kuuliza sheria inasemaje. Si kwamba nilitaka kesi. Nilitaka kujua nasimama wapi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 44, inaitaka mahakama inapopanga matunzo itazame kipato na mali ya wazazi wote wawili, kama kuna kilichopunguza uwezo wa anayelipa kujipatia kipato, watoto wengine anaowahudumia, na gharama za maisha mahali anapoishi mtoto. Mke mpya hatajwi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inasema ndoa peke yake haihamishi mali ya mmoja kuwa ya mwingine. Ulichokuja nacho na unachojipatia ni chako. Kwa hiyo hakuna afisa wala hakimu awezaye kuniambia, mwalimu, leta hati ya mshahara tuuhesabu kwenye matunzo ya watoto wa Sengerema. Nchi nyingine nazo zimefuata njia hiyo. Uingereza, chombo kinachopanga matunzo kinatazama kipato cha mzazi, hakigusi cha mwenza wake mpya, na kinampunguzia kidogo mzazi mwenye watoto wengine anaoishi nao. Marekani kipato cha mke mpya kwa kawaida hakihesabiwi, ila wanandoa wakijaza kodi kwa pamoja na mume ana malimbikizo ya matunzo, marejesho ya kodi yao yanaweza kuzuiwa, mpaka mke ajaze fomu ya kudai sehemu yake. Hata huko, pamoja na kompyuta zote, hela ya mke inaguswa kwa mlango wa nyuma. Kwetu mlango huo ni jikoni.

Watu wakinisikia nikisema hivi hudhani nalalamika kuhusu watoto. Silalamiki. Kazi yangu imenionyesha upande wa pili. Nimefundisha watoto ambao baba zao wako hai, wanajulikana, wana mitumbwi au bajaji, na mtoto anakuja shule Januari na daftari moja alilolikata katikati ili apate mawili. Kwenye mialo hali ni ngumu zaidi, maana mvuvi anafuata samaki, leo yuko Kome, mwakani yuko Goziba, na kila alipokaa miaka miwili anaweza kuacha mtoto. Sheria yenyewe ilichelewa mno. Ile ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliyotungwa mwaka 1949 wakati wa ukoloni, iliweka kikomo cha matunzo kuwa shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kilibaki kwenye vitabu hadi Sheria ya Mtoto ilipopitishwa mwaka 2009. Shilingi 100! Na Aprili 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alipowaita kina mama waliotelekezewa watoto wafike ofisini kwake, walijaa kwa maelfu, wengine wamebeba vichanga mgongoni. Niliiangalia taarifa ile ya habari nikiwa nimekaa na mume wangu. Hakusema neno. Nilijua anachowaza, nami niliwaza hilohilo: kwamba mama wa watoto wake hakuwa na sababu ya kusimama kwenye foleni ya namna ile.

Mama mkwe wangu ana msimamo mkali kuhusu hili. Siku moja wifi yangu alimwambia mbele yangu kwamba kaka yake angepunguza ya Sengerema, sasa ana mke wa ndoa. Mayu, kama tunavyomwita mama mkwe, aliweka kikombe chini. "Anayemnyima wa kwanza," alisema, "wa huyu mwalimu naye atamnyima siku moja. Tabia haichagui tumbo." Nimekutana na wanawake wanaowashinikiza waume zao waache kutuma ili nyumba mpya ipumue. Nasema bila kumung'unya: mwanaume aliyeacha kuwalisha watoto wake kwa ajili yako amekuonyesha atakachowafanyia wako.

Kilichotuumiza sisi hasa ni siri. Mwaka mmoja masika yalikuwa na mvua nyingi kwenye mwalo wetu, mzigo wa giza zima ukauzwa kwa kuku, na tarehe 5 ikaja na mwezi umejaa. Mume wangu hakutaka kuniambia. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado ananyonya, na aliona mimi nimeshabeba mengi. Akaenda kukopa kwa watu wa kausha damu. Riba ya mikopo hii inahesabiwa kwa wiki, wengine kwa siku, na ukichelewa hawangoji barua ya wakili. Alituma 150,000 Sengerema kwa wakati. Deni likaanza kuzaa. Nililijua siku vijana wawili walipokuja nyumbani na pikipiki ya matairi matatu kuchukua friza.

Friza ile niliinunua mimi, kwa hela ya kikoba, niwe nauzia watoto wa mtaa barafu na juisi. Risiti ilikuwa na jina langu. Kisheria ilikuwa mali yangu, na mume wangu hakuwa na ruhusa ya kuiweka rehani. Vijana wale hawakuja na sheria, walikuja na karatasi aliyosaini yeye. Nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni, nikawaonyesha risiti, nikamwita balozi wa nyumba kumi, tukazungumza mpaka jioni. Friza ilibaki. Deni tulilimaliza kwa kutoa mgao wangu wote wa kikoba, na kiasi tulicholipa kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile alichotuma Sengerema. Katika miaka yote ya ndoa yetu watoto wale hawajawahi kunigharimu kama ilivyonigharimu siri ile moja.

Baada ya hapo nilimwambia mume wangu kwamba hela ya watoto itoke juu kabisa, kabla ya kodi ya nyumba na kabla ya mafuta ya mitumbwi, na mimi niione inavyotoka. Ikipungua aniambie imepungua. Nikichangia iandikwe nimechangia, hata kama ni elfu kumi, na giza likija irudi. Haikuwa rahisi kwake. Mwanaume wa Kisukuma kukubali mbele ya mke kwamba ameshindwa kulisha, ni jambo zito. Lakini alikubali, na kesho yake alinitajia, bila kuulizwa, deni jingine dogo la duka la nyavu.

Hatua iliyosaidia zaidi ilikuwa ya kumfuata yule dada mwenyewe. Tulivuka na kivuko cha Kamanga, mume wangu na mimi, tukamkuta kwenye genge lake la nyanya na vitunguu karibu na stendi ya Sengerema. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Alinipisha kigoda chake, yeye akaketi juu ya ndoo. Mume wangu alipoanza kueleza habari ya mwezi na giza, alimkatiza.

"Baba, mimi nimeishi mwaloni. Hunifundishi giza." Akanigeukia. "Mwalimu, mimi tarehe 5 niliiweka kwa sababu ya mwenye nyumba wangu. Nilishahama pale. Nikijua hela inakuja lini, hata iwe giza, nitapanga. Nisichokitaka ni kupiga simu mara nne kama ombaomba."

Tulirudi wote watatu kwa afisa wa Ustawi wa Jamii, tukaandika upya. Matunzo yatalipwa kila giza, ndani ya wiki ya kwanza ya kuuza mzigo, na sehemu ndogo ya kila giza zuri itawekwa pembeni kwa ajili ya giza baya. Mambo mawili yalizuka pale mezani ambayo hatukuwa tumeyawaza. La kwanza ni hela ya kutolea. Alitumiwa 150,000, lakini akienda kwa wakala alibaki na pungufu, na kwa mwaka mzima upungufu huo ni sare ya mtoto mmoja. Tukakubaliana itumwe na ya kutolea juu yake. La pili alilitaja yeye, na nilimvulia kofia: magiza ya mwaka hayalingani na miezi ya kalenda. Kila baada ya miaka miwili au mitatu mwaka unapata giza la 13. Mume wangu alikuwa hajaliona hilo, naye ni mvuvi. Dada yule alicheka akasema la 13 tuliite la Januari, liende kwenye viatu na mabegi ya shule. Likaandikwa hivyo.

Tangu siku hiyo hela inapita kwa simu tu, haipiti kwa mkono wa mtu. Si kwa kutoaminiana. Mume wangu kabla ya hapo aliwahi kumpa dereva wa basi apeleke, ikafika pungufu, na kila mmoja akaamini mwenzake anadanganya. Ujumbe wa muamala una tarehe, saa na kiasi, na ukipelekwa mbele ya afisa au hakimu unajieleza wenyewe.

Kuna gharama nyingine ambazo hakuna karatasi inayozitaja. Bima yangu ya afya inanihudumia mimi, mwenza wangu na wategemezi wanne. Nafasi zangu nne zilijaa mapema: watoto wetu wawili, na wazazi wangu wawili, mama yangu akiwa na presha ya siku nyingi. Kijana wa Sengerema alipoanguka kwenye mwembe akavunjika mkono, akaletwa hadi hospitali ya Bugando, matibabu yalikuwa ya fedha taslimu. Yaligawanywa nusu kwa nusu kama ilivyoandikwa, na nusu yetu ilikula akiba ya matofali. Alikaa kwangu mpaka mkono ukapona. Usiku maumivu yakimzidi aliita "mama mdogo", na mimi ndiye niliyeamka. Mtu akiniuliza kama nafasi ile ya bima ningeitoa kwa mama yangu au kwa mtoto wa mume wangu, sina jibu.

Na kuna kiwanja. Hapa ndipo nawasihi wanawake wafungue macho. Mume wangu alikuwa na kiwanja Buswelu alichokinunua mwaka 2013. Tulipotaka kujenga, nilikuwa tayari kuchukua mkopo wa mshahara, makato yakifika mpaka pale ambapo inabaki ile theluthi moja isiyoruhusiwa kuguswa. Baba yangu mdogo, aliyestaafu kazi ya ukarani mahakamani, ndiye aliyenizuia. "Mwaka 2013 alikuwa anaishi na nani?" aliniuliza. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 160, inasema mwanaume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yule dada alikuwa ameishi naye miaka saba. Alikuwa anapika na kuuza chakula kambini huku yeye ananunua nyavu. Na tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikwishasema kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali. Angekwenda mahakamani, kiwanja kile kingeweza kuhesabiwa kuwa na jasho lake, na msingi wangu wa nyumba ungekuwa juu yake.

Nilitafakari sana, na nilichokiona si kwamba ananitishia. Nilichokiona ni kwamba alikuwa na haki. Tukamfuata tena. Mume wangu alimnunulia kiwanja kidogo Sengerema, wakaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na wakili kwamba hawadaiani tena mali. Ilituchelewesha kujenga karibu mwaka mzima. Ndipo nikakopa, na hati ya Buswelu ikaandikwa majina yetu mawili, mume na mke, maana sheria ileile inachukulia kwamba mali yenye majina ya wote wawili ni ya wote kwa usawa. Mashangazi zangu waliniambia nimempa mke mwenza nyumba yangu. Kwa maoni yangu nilinunua usingizi, na bei ilikuwa nzuri.

Habari ya likizo niipite haraka, ingawa ndiyo iliyoleta manung'uniko madogomadogo mengi kuliko zote. Watoto wakija Juni na Desemba wanakula kwetu, na wifi zangu walishikilia kwamba giza la likizo lisitumwe. Nilikataa. Mama yao hahamishi kodi ya nyumba yake kwa sababu watoto wamesafiri. Tulimwomba tu atume nao nguo za kutosha, akakubali. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, wanapanda basi Sengerema na kushuka Nyegezi bila kusubiri kivuko, basi wanakuja hata wikiendi. Nami nimeongeza sufuria.

Mwaka 2023 yule dada aliomba nyongeza, kutoka 150,000 hadi 200,000. Ndugu wa mume wangu walisema twende mahakamani, tutaje watoto wetu wawili, kiasi kipungue badala ya kuongezeka. Kisheria tungesikilizwa, kwa kuwa watoto wengine ni jambo la kuzingatiwa. Nilikaa na mume wangu tukapiga hesabu ya giza moja la kawaida: unga wa Sengerema, mafuta ya kula, daftari, nauli za boda kwenda sekondari. Hesabu ilitoka 190,000 na zaidi kwa upande wetu peke yake. Niliwatazama wanangu wawili waliolala chumba cha pili na nikajua kwamba nyongeza ile inatoka kwao kwa sehemu. Niliona uchungu, na niliusema kwa sauti. Mume wangu alisema naye anauona. Tulituma 200,000 kuanzia giza lililofuata, na mimi nikarudia kuuza barafu niliyokuwa nimeiacha.

Sasa binti amemaliza kidato cha nne, na mdogo wake ameanza cha kwanza. Mwaka huu binti anatimiza miaka 18, umri ambao amri ya matunzo kwa kawaida hukoma, ingawa sheria inaruhusu iendelee kwa mtoto aliye bado masomoni. Amepata nafasi ya kidato cha tano shule ya bweni. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa mwaka 2022, lakini fomu ya kujiunga ina orodha yake: godoro, shuka, ndoo mbili, jembe, viatu vya aina fulani, nauli ya kwenda na kurudi. Mama yake alinitumia picha ya fomu ile kabla hajamtumia baba yake. "Mwalimu, wewe unazijua hizi," aliandika. "Nitoe nini, mtoe nini?"

Nimemjibu kwamba godoro na shuka ni zetu, ndoo na jembe ni vyake, viatu tusubiri hesabu ya giza hili. Kuhusu mgao wa kila giza, mume wangu anataka nusu ya fungu la binti aanze kutumiwa mwenyewe, ajifunze kupanga. Mama yake bado hajakubali. Jumamosi tunavuka daraja kwenda kulizungumza.